NJIA YA MGUU: NGOME, MITO NA MAMA ALIYETEMBEA KABLA YAKO

 

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya milima ya Ujerumani. Chini unapita mto Rhine, juu vilimani kuna ngome za mawe za zamani, na katikati baba na mama wanatembea kwenye njia ya mguu, mtoto kabebwa mgongoni. Nikaandika tu kwamba kutembea ni dawa. Nilitegemea mniulize habari za presha na sukari. Badala yake mama mmoja akakomenti: "Nesi, wenzetu wana njia za kihistoria. Sisi huku Shinyanga na Geita tuna vumbi na malori." Karibu wote mkamuunga mkono.

Jamani, hapana. Hiyo siwezi kuiacha ipite.

Leo basi hakuna somo la chanjo wala la uji wa lishe. Leo ni historia. Ukinivumilia mpaka mwisho utaelewa kwa nini nesi wa wodi ya wazazi anahangaika na njia za zamani. Uzi ni mrefu, nyonyesha huku unasoma.

1. HUKU KWETU KULIKUWA NJIA

Kabla ya lami na kabla ya reli, nchi hii ilikuwa inatembewa. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaendelea mpaka Ujiji. Wengi mliisoma shuleni. Ambacho hatukusoma sana ni tawi lililotoka Tabora kwenda kaskazini, kwenye nchi yetu, mpaka Ziwa Victoria.

Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, mji uliokuwa pale Tabora, na kushika tawi hilo. Alipita Msalala, jina ambalo leo ni la halmashauri mkoani Shinyanga, akaingia Usukuma. Tarehe 3 Agosti akaliona ziwa akiwa kwenye kilima karibu na Mwanza ya leo. Siku 25, takriban kilomita 360 kwa miguu. Piga hesabu mwenyewe: ni kama kilomita 14 au 15 kwa siku.

Vitabu vingi vinasema "aligundua" ziwa. Mimi nacheka. Watu walikuwa wanavua humo tangu enzi na enzi. Na hiyo njia hakuifyeka yeye. Aliongozwa na watu walioijua, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na akaja kuwa mmoja wa viongozi wa misafara wanaojulikana sana. Mizigo walibeba Wanyamwezi, na kazi hiyo walikuwa wameizoea toka kwa baba zao.

Hata bila Mzungu na bila Mwarabu, watu wa huku walikuwa na safari zao. Wasukuma walikwenda kwa makundi mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya hatari, na walikuwa na nyimbo zake maalumu. Ninyi wa Geita, ardhi yenu ilijulikana kwa chuma kabla ya dhahabu. Warongo wa Uzinza walikuwa wanayeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri vichwani na mabegani mpaka Usukuma na Unyamwezi, yakalima, yakanunulia vitu, yakatolea mahari. Kwa hiyo ukiambiwa bibi yako wa zamani aliolewa kwa majembe, usicheke. Ilikuwa mali iliyotembea.

2. NGOME ZETU ZILIKUWA WAPI?

Mtasema sawa Nesi, njia ipo, lakini ngome hatuna. Mlikuwa nazo.

Wasafiri wa karne ya 19 waliona vijiji vingi vya Unyamwezi vimezungushiwa ukuta wa magogo yaliyosimamishwa wima, na nje yake uzio mnene wa minyaa, ile yenye utomvu mweupe ambayo wengine mnaiita manyara. (Hapa nawachomekea: utomvu huo ukiingia kwenye jicho la mtoto ni hatari. Osha kwa maji safi mengi, muda mrefu, halafu njoo kituoni. Usiweke dawa ya kubahatisha.)

Katikati ya ngome kubwa alikaa mtemi, na makazi yake yaliitwa ikulu, au kwikulu. Umeona? Neno tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Rais wa nchi nzima anakaa kwenye neno la kwetu.

Na msidhani waliokaa humo walikuwa wanaume tu. Siku chache baada ya kutoka Kazeh, Speke alifika Unyambewa, na mtawala wake alikuwa mwanamke. Jina lake kaliandika Ungugu. Alikuwa mama mtu mzima, mikono imejaa bangili za shaba, akaikagua nguo ya mgeni kwa makini kama vile sisi tunavyokagua kitambaa sokoni. Mgeni alitaka kuondoka mapema, lakini ilibidi amsubiri. Ndiyo ikulu hiyo.

Halafu akaja Mirambo. Huyu aliunganisha himaya Urambo, akapigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, akawa na nguvu ya kuifunga na kuifungua njia atakavyo. Mji wake ulikuwa na ukuta. Alifariki Desemba 1884. Baada yake, Isike mtemi wa Unyanyembe aliwakatalia Wajerumani akiwa ndani ya ngome yake pale Tabora. Januari 1893 walipoivunja, hakukubali kukamatwa. Aliwasha baruti ndani ya ngome yake mwenyewe.

Tofauti yetu na wale wa mto Rhine ni hii: wao walijenga kwa mawe, sisi kwa miti na udongo. Mti ukioza unarudi ardhini, na mchwa hana heshima kwa mtemi. Ndiyo maana leo unapita mahali palipokuwa na ikulu, unaona shamba la pamba, unadhani hapajawahi kuwa na kitu.

3. MITO NDIYO ILIKUWA KALENDA

Sasa mabonde. Sisi tuna Manonga, ambayo maji yake yanaelekea mbuga za Wembere. Tuna Isanga na Simiyu zinazoingia Ziwa Victoria. Ukivuka mito hii mwezi wa nane unaweza kukuta mchanga tu, watoto wanachimba visima humo. Rudi wakati wa mvua uone. Na ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa, hata ng'ombe anajuta.

Wanyamwezi walilijua hili kuliko mtu yeyote. Wengi walisafiri baada ya mavuno, kiangazi, na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Angalia tarehe za Speke: Julai na Agosti. Alipita pakavu.

Sasa mlinganishe na Henry Morton Stanley. Yeye aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, mvua zinaanza, akiwa na zaidi ya watu 350, wanawake wakiwemo, pamoja na mashua iliyokatwa vipande ikabebwa mabegani. Njiani wakakuta njaa, mvua, homa na mapigano. Mmoja wa Waingereza wake, Edward Pocock, alikufa kwa homa Januari 1875, na wenyeji wengi wa msafara wakafa wasiandikwe hata majina. Walifuata bonde la Simiyu wakafika Kageye, mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Wamepungua vibaya. Wapo waliokufa, wapo waliotoroka.

Mimi sisemi mvua pekee ndiyo iliyowaua. Nasema hivi: njia ni ileile, lakini siku unayoondoka inaweza kukuokoa au kukumaliza. Shikeni hilo, nitalirudia.

4. MAMA ALIKUWEPO

Tukisikia "msafara" tunaona wanaume na pembe za ndovu. Ukweli ni kwamba wanawake walitembea. Wake za wapagazi walikwenda nao, wamebeba vyungu, mikeka na chakula, mtoto mgongoni. Msafara ukifika kambini mwanaume anatua mzigo anapumzika, mama ndiyo kwanza anaanza: maji, kuni, moto, ugali. Mnaifahamu hiyo zamu.

Wengine hawakutembea kwa hiari. Hii njia ilikuwa pia ya watumwa, na wanawake na watoto wengi walipitishwa humo wakiwa mali ya mtu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini mambo hayakuisha siku hiyo. Ukisimulia uzuri wa njia za zamani bila kuwataja hao, umesimulia nusu.

Yupo mmoja nataka mlijue jina lake: Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Livingstone alipokufa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake, akina Susi na Chuma, waliamua kuubeba mwili mpaka pwani. Walipita Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Karibu miezi tisa. Halima alikuwa mmoja wao. Majina ya Susi na Chuma yamo vitabuni tele. La Halima unalitafuta kwa tochi.

Na sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu.

Richard Burton, mwenzake Speke aliyebaki Kazeh, aliandika kuhusu uzazi wa wanawake wa Unyamwezi. Kwa maneno yangu: alisema mama akishikwa na uchungu huingia porini, na baada ya saa chache hurudi na mtoto mgongoni, pengine na mzigo wa kuni kichwani. Basi. Mistari michache. Ukiisoma unaona kama kuzaa kwetu ni kwenda kisimani na kurudi.

Mimi ni nesi. Nilipokutana na habari hiyo nilijiuliza swali moja tu: na wale ambao hawakurudi?

Burton aliandika habari za waliotoka porini. Aliyevuja damu mpaka akanyamaza hakutoka. Aliyepata kifafa cha mimba hakutoka. Mtoto aliyekaa vibaya hakutoka, na mama yake naye. Mgeni aliyekaa kwenye baraza la Kazeh angewaonaje? Akatuachia picha ya kwamba mwanamke wa huku ni jiwe, haumwi. Na cha kusikitisha, hiyo picha bado ipo. Naisikia mpaka leo kwa baadhi ya mama wakwe: "Sisi tulizaa shambani, nyie wa siku hizi mmelegea." Mama mkwe, shikamoo, nakuheshimu sana. Lakini mwulize bibi yako walizaa wangapi pale shambani, na wangapi walirudi nyumbani.

5. NJIA INABEBA PIA MARADHI

Fupi tu, maana hapa ndipo penye kazi yangu.

Ndui ilitembea na misafara. Mtu mmoja mgonjwa kambini, kesho kambi nyingine, keshokutwa kijiji. Ilitokomezwa duniani na kutangazwa rasmi mwaka 1980, kwa chanjo. Ukiona nakusumbua na kadi ya kliniki ya mtoto, kumbuka hilo.

Funza naye hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika Kusini, akashuka Angola na meli mwaka 1872, akavuka bara zima kwenye nyayo za wasafiri. Kufikia miaka ya 1890 alikuwa ameingia huku. Waliopita Uzinza, yaani Geita na majirani zake, waliandika habari za watu walioharibika miguu kiasi cha kushindwa kwenda kuvuna, wakashikwa na njaa. Mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi! Kwa hiyo mvishe mtoto viatu, mwagia maji sakafu ya vumbi kabla ya kufagia, na msichangie pini moja kutolea funza, kwa sababu ya pepopunda na maambukizi mengine.

6. NJIA IKAPOTEA, UMBALI UKABAKI

Wajerumani walifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912. Waingereza wakaivuta mpaka Mwanza, ikakamilika 1928, ikipita hapa hapa Shinyanga. Upagazi wa masafa marefu ukafa. Ikaja almasi ya Mwadui mwaka 1940. Geita dhahabu ilionekana toka enzi za Mjerumani, mwaka 1898, ikachimbwa kwa muda mpaka mgodi wa zamani ulipofungwa 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Leo kila wiki unasikia kuna rashi mahali. Watu wanahamia porini, baada ya mwezi mmoja kuna mji wa maturubai, kuna baa, kuna mialo. Zahanati haipo.

Na wapo wajawazito pale.

Nitasimulia moja, sitataja kijiji wala kituo. Usiku wa masika aliletwa dada mmoja kutoka machimboni. Mimba ya tatu. Uchungu ulianza alfajiri, wakasema wangoje kidogo, zile mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Mchana ikanyesha. Jioni walipopata pikipiki, mto ulikuwa umejaa. Walikaa ukingoni zaidi ya saa tatu wakingoja maji yapungue, yeye kalala juu ya turubai, mume kamshikia mwavuli. Walipotufikia tulifanya kila tulichoweza. Mama tulimpata. Mtoto hatukumpata.

Asubuhi mume aliniuliza, "Sista, tulikosea wapi?" Nikashindwa kumjibu pale pale. Hakuwa mzembe, alimpenda mkewe, nilimwona. Jibu lilinijia baadaye nikiwa nyumbani: walikuwa na njia, walikuwa na mto, lakini hakuna aliyepanga safari. Mpagazi wa mwaka 1858 asingeanza kuulizia kivuko akiwa ameshafika mtoni.

7. KIRANGOZI WAKO NI NANI?

Kwenye msafara alikuwepo mtu anaitwa kirangozi. Ndiye aliyetangulia mbele. Alijua maji yako wapi, kambi iko wapi, mto gani haupitiki lini. Mama, mimba yako ni safari. Kaeni na baba mtoto, leo, mjibu haya kama kirangozi:

Kwanza, mwezi wa kujifungua ni wa mvua au wa kiangazi? Kuna mto au korongo kati yenu na kituo? Kama lipo, usisubiri uchungu ng'ambo ya mto. Sogea mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo, au ulizia nyumba ya mama ngojea, ile wengine mnaiita chigonella.

Pili, chombo cha usafiri. Namba ya bodaboda au gari iwe kwenye simu yako na ya jirani. Kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bila malipo, wanapanga usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na kichanga. Ifahamu kabla hujaihitaji.

Tatu, akiba. Hata kidogo kidogo, na iwe mahali unapoweza kuifikia mume akiwa duarani.

Nne, nani atabaki na watoto? Wengi mnachelewa kwa sababu hii tu.

Tano, dalili ambazo hazisubiri kupambazuke: kutoka damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja, ondoka. Usiseme "mimba zilizopita zilikwenda vizuri." Kila safari ina mto wake.

8. MWISHO

Nakurudia wewe uliyesema tuna vumbi. Hilo vumbi limekanyagwa. Ukipata nauli, wapeleke watoto Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, waone vitu vya watemi. Ukifika Tabora, nenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Kama huna nauli, jioni moja tembea nao tu kwenye njia ya kisimani, uwaambie kwamba neno ikulu lilizaliwa huku.

Halafu nina ombi. Muulize bibi yako, au mama yako mzazi: alikuzaa wapi, alitembea umbali gani, alivuka mto gani, nani alimsindikiza. Andika hapo chini, bila kutaja majina ya watu wala kituo. Burton aliandika mistari michache kuhusu mama zetu, nasi hatujawahi kumjibu.

Jumapili ijayo tunarudi kwenye uji wa lishe, nawaahidi.  Watoto walale salama.